Skrini Safi, Maji Matupu

Jumatatu, 2 Machi 1998
Tumepata kompyuta! Imefungwa karibu na usukani na tayari imevikwa kitambaa cha kufuma, kazi ya mke wa Kapteni Nakhungu. Ina ramani ya ziwa zima. Meli yetu ni pembetatu nyekundu. Meli nyingine yenye kifaa cha kutuma ishara itaonekana pia, na mwendo wake, ili tusigongane. Zenye kifaa ni mbili. Sisi, na wenzetu walio gatini tangu Krismasi wakingoja spea. Tutawakwepa kwa uhodari mkubwa.

Jumatano, 4 Machi
Safari ya kwanza. Kwa mujibu wa kompyuta, saa tatu asubuhi meli ilipita Kisian, juu ya lami, ikielekea Busia. Zacchaeus, mtaalamu kutoka Nairobi, anasema ni kosa dogo, ramani ni ya zamani. Nikamwuliza mitumbwi iko wapi. Haina kifaa, akasema, kwa hivyo haimo. Ouma, mume wa dada yangu Lornah, huvua mbuta Usenge kwa mtumbwi. Kumbe shemeji hayumo ziwani! Lornah atashangaa.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepandishwa cheo. Miaka kumi na moja nimesimama mbele kabisa ya meli nikitafuta mitumbwi kwa macho. Sasa nakaa kitini, naangalia skrini. Kule mbele hakuna mtu. Eti ndiyo maendeleo.

Jumatatu, 9 Machi
Nimegundua unaweza kutia alama kwa mkono. Tulipotia nanga Usenge nikawauliza wavuvi wanatega wapi, nikaweka misalaba kumi na tisa. Ouma alinionyesha pake mwenyewe, akicheka. Nimejivuna siku nzima.

Alhamisi, 12 Machi
Misalaba imefutwa yote. Kesho wageni wanakuja kuona mitambo, na Zacchaeus anasema niliifanya skrini ifanane na makaburi. Kapteni alikohoa tu, akaangalia viatu vyake. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Ijumaa, 13 Machi
Naandika usukanini. Injini imezimwa, tuko nje ya Usenge.

Ukungu tangu asubuhi. Wageni saba, soda, mandazi, makofi. Niliomba nirudi mbele kuangalia. Zacchaeus akasema wageni watadhani hatuamini mitambo yetu. Kisha Kapteni akaniuliza, "Dalmas, hiyo computer inasema aje?"

"Inasema hakuna kitu, Captain."

"Na wewe?"

"Mimi nasema tupunguze mwendo. Watu wa Usenge wako hapa."

Akapunguza. Amechelewa, au nimechelewa mimi kusema. Tulisikia kishindo kidogo, kama gunia likianguka.

Zacchaeus anataka niandike kwenye logi ya meli kwamba skrini haikuonyesha chochote. Ni kweli, haikuonyesha. Mashua imeshushwa, wanaita kwenye ukungu, hakuna anayeitika. Naogopa.

Upande wa kushoto kuna kasia linaelea. Limepakwa rangi ya bluu. Makasia ya Ouma ni ya bluu. Lakini nusu ya Usenge hupaka bluu. Nusu nzima, nawajua