Namba ya Mtu wa Karibu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Bwera. Tumbo linadunda. Si njaa. Nikilala chali, shuka inapanda, inashuka. Mama Bulandina, jirani, amenisugua kwa samli siku tatu — eti ni upepo umejifunga. Nafuu kidogo. Labda ni mikono tu, kuguswa na mutu.

Alhamisi, 7 Machi
Kasese, kupigwa picha ya tumbo. Daktari Mugume hakuzungusha maneno. Mshipa mkubwa wa damu umevimba. Ukipasuka, sifiki hospitali. Akanusa samli. Nani alikusugua? Nikafunga vifungo vya shati. Akasema kule kusugua kungeniua. Nisinyanyue hata jerikani ya maji. Nisipande boda — sasa nirudi Bwera na nini, helikopta?
Miaka ishirini na tatu jeshini, adui alikuwa mbele. Huyu iko ndani, naenda naye mpaka chooni. Naogopa kukohoa. Naogopa, basi.

Jumapili, 10 Machi
Bulandina kaja na samli. Nikamwambia nimepona. Ningesema ukweli angelia, na hana kosa. Akaondoka na kikopo chake. Sasa hakuna anayenigusa.

Jumanne, 19 Machi
Wodini, hospitali ya Kasese, nasubiri kupasuliwa. Kila mgonjwa iko na mtu wake wa kumpikia, wa kumfulia. Mimi niko na begi. Benon, kitanda cha pili, analishwa matoke na mkewe Gorret. Wakanikaribisha. Nikasema nimeshiba. Uongo.
Sista Tusiime kaleta fomu. Bila ndugu wa kusaini, hawanipasui. Nikaandika Akidi, binti yangu. Miaka sita hatusemezani — nilikataa kwenda harusi yake kwa sababu ya kabila la mumewe. Ujinga wangu. Kwenye namba ya simu nikaandika yangu mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi
Sista kapiga ile namba kuhakikisha. Simu ikalia chini ya mto wangu. Benon akageukia ukutani. Sista hakunigombeza. Akakaa kitandani. Mzee Omara, kesho saa mbili asubuhi ni zamu yako. Nipe namba ya kweli.
Nikaitaja. Bado naijua kwa kichwa. Akapiga kwa simu yake, akanipa. Hallo, nani mwenzangu? Sauti ya marehemu mama yake kabisa. Nikakata, nikamrudishia sista simu yake.
Sasa Akidi anapiga. Simu inalia, sista amenyoosha mkono anipe. Mimi najifanya naandika.