Kanda ya Bibi

Alhamisi jioni

Nimemfukuza Festo nyumbani. Mdogo wangu wa damu! Amerekodi disko juu ya kanda ya Bibi.

Kanda ile niliihangaikia. Nilitundika magodoro ukutani ili sauti isirudi, nikaivika maikrofoni soksi, nikasubiri siku mbili mvua iache kupiga bati. Bibi akaimba nyimbo za mavuno, Kiluguru kitupu, na hata pumzi yake ilisikika. Nilipomaliza nikavunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda, mtu asiweze kurekodi tena juu yake.

Festo akaziba matundu kwa karatasi, kanda ikakubali kurekodiwa tena.

"Kaka, si ungeandika jina?" ananiambia. Jina! Mtu anaona vijino vimevunjwa, anataka jina la nini?

Siku hizi madukani kila kitu kipo, hela ndiyo hatuna. Sawa. Lakini kanda zote zile mezani, achukue hiyo?

Jumapili Bibi anakuja kutoka Mlali kujisikiliza. Hajawahi kuisikia sauti yake maishani. Na tangu Pasaka kifua kinambana, kuimba hawezi tena. Nitamwambia shikamoo, halafu nimwambie nini?

Kinachoniuma zaidi sikukisema mbele ya Festo. Ule ujanja wa karatasi nilimfundisha mimi, mwaka jana, tulipokosa hela ya kanda mpya. Nilimkalisha pale pale mezani nikamwonyesha namna ya kuikunja.

Tena nikamsifu kwamba anashika haraka.