Kichaka cha Baba Chini ya Dirisha

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari za huko, hali ya wifi, hali ya watoto? Kile kifua chako kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Baba yu hai. Nimelitanguliza hilo ili ukae kitako uyasikie mengine.

Unakikumbuka kile kichaka cha oleanda chini ya dirisha la Mama? Baba alivunja tawi kwenye uzio wa hospitali siku tulipouchukua mwili wa Mama, akalitia kwenye chupa ya maji mpaka likatoa mizizi. Kilikuwa kimempita kimo, majani mabichi mwaka mzima, maua ya rangi ya waridi yameziba dirisha.

Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, kitu ambacho hakusahau ni kukimwagilia. Alikipunguza kwa mkasi wake wa kinyozi, akikipigia soga kama mteja: "Tulia, bibi, nisikukate sikio." Tulikuwa tunacheka. Siku nyingine alikiita kwa jina la Mama.

Jumanne ya wiki juzi nilirudi kutoka kiwanda cha mikate nikamkuta mezani na vikombe viwili. Kimoja kitupu, kingine kimejaa.

"Majani ya chai yamekwisha," akasema, "nimechuma hapo nje. Mwite mama yako, inapoa."

Sikuelewa mpaka alipoanza kutapika, na mapigo ya moyo yakawa yanapotea chini ya kidole changu. Jirani yetu seremala akatubeba kwenye pikapu yake ya kubebea mbao. Daktari akaniambia mti ule ni sumu, jani, ua na shina, na sumu yenyewe hukamata moyo. Uzio mzima wa hospitali yao ni wa mti huo huo.

Baba aliponea chupuchupu. Kabla hajaruhusiwa, seremala nami tulikikata kichaka na kung'oa mizizi. Hatukuthubutu kukichoma, maana hata moshi wake hudhuru. Tukakifukia.

Nilidhani hatakumbuka. Alipofika alikwenda moja kwa moja dirishani. "Mke wangu yuko wapi?" Mama alipofariki, Baba hakulia mbele yetu, sasa analia kila asubuhi kama kafiwa leo. Nimemweleza mpaka mdomo umekauka. Haniiti tena binti yake. Naitwa "yule mwanamke aliyemkata," na chakula changu hakigusi mpaka apelekewe na mke wa seremala.

Jana nilipanda mche wa yasmini pale pale. Akauinamia, akaushika jani kwa upole, akasema, "Huyu simjui." Kisha akanikodolea macho mimi, akaingia ndani.

Jina lako bado analitaja. Njoo, usingoje likizo. Njoo kabla hajakutazama wewe hivyo.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Seremala na mkewe wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Ni mimi nikupendaye, mvua na jua,
Dada yako.