Kilo Mia Mbili na Themanini Zaidi

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi safari saa nne asubuhi na kukuta tela limeegeshwa mlangoni kwa mama, sikupata hata pa kupitisha begi. La Breki, la nani mwingine! Breki ni kaka yangu. Jina alipewa na wenzake wa mbio za magari kwa sababu hawajawahi kumwona akizikanyaga. Siku za kazi ananyoosha bodi za magari yaliyogongwa, wikiendi anaenda kuligonga la kwake.

Jumamosi kuna mbio. Gari lake la mbio haliruhusiwi barabarani, lazima livutwe juu ya tela. Na wa kulivuta ni mimi. Hajaniomba — ameniarifu.

Leseni yake ni ya gari dogo. Inamruhusu tela la kilo mia saba na hamsini, basi, la kubebea magodoro. Mwenye leseni ya tela zito katika nyumba hii ni mimi. Miaka tisa navuta saruji na sijaandikiwa faini hata moja. Leseni hiyo ndiyo shamba langu na ndiyo mume wangu. Nikamwambia sawa, nitavuta, ila tunapima kwanza. Akacheka: mdogo wangu, wewe hata chumvi unapima.

Jumanne, 4 Juni

Tumepima, kwa muuza chuma chakavu. Tela tupu 460. Gari 1,085. Matairi manne ya akiba, jeki, sanduku la spana na madumu ya petroli, 235. Jumla 1,780. Kibati kilichopigwa kwenye shingo ya tela kinasema mwisho 1,500. Kilo mia mbili na themanini zaidi!

Breki akasema mizani mbovu. Mwenye mizani akamjibu kwa upole tu kwamba mizani haina undugu na mtu. Kosa lake ni hilo. Breki akamkamata kola, akamgonga kichwa kwenye nguzo mara mbili. Mara ya pili nilisikia mlio. Damu ikamwingia mzee wa watu machoni, na bado alikuwa anashika karatasi yenye namba zetu.

Nilimvuta kaka kwa mkanda wa suruali hadi kwenye pikapu yake. Njiani nikampa dawa: matairi na vyombo vyote vikae nyuma ya pikapu, si juu ya tela. Gari aling'oe viti, betri, hata boneti, apeleke mzigo kwa safari mbili. Uzito utashuka hadi 1,500. Akasema ataangalia. Kaka akisema ataangalia, ujue ameshafumba macho.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umo kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko.

Ilikuwa hivi. Asubuhi niliinama kuangalia shingo ya tela, nikaona kibati kipya. 2,000! Namba zimepigwa kwa nyundo, moja imelala upande, na riveti zinang'aa kama meno ya bandia. Fundi bodi, eti. Nikachukua patasi nikakibandua. Breki akatoka na mswaki mdomoni. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nang'oa uongo wako. Akasema nikirudishe. Nikakitupa kwenye mtaro.

Akanitukania mama — mama yetu sote wawili! Hapo mimi nikarusha patasi. Sikatai, nilianza mimi. Ilimchana juu ya nyusi. Akanijia, nikaangukia nyuma ya tela, mkono wangu ukawa umelala kwenye ukingo wa chuma. Yeye akashika mnyororo unaoshikilia juu lile bamba la chuma la kupandishia gari. Aliniangalia. Naandika hili ili nisije nikajidanganya: aliniangalia usoni, akaangalia mkono, kisha akaachia.

Mfupa ulikatika kama kuni kavu. Nilipiga yowe hadi majirani wakafungua madirisha. Mama akatoka, akanikuta chini, akamkuta Breki bado kashika mnyororo. Neno lake la kwanza: "Mmenimwagia maziwa." Ndoo alikuwa ameidondosha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Maumivu. Mama kawaambia majirani niliteleza bafuni.

Jumamosi, 8 Juni

Kaondoka nalo mwenyewe. Saa moja asubuhi nilisikia pikapu inanguruma, nikachungulia dirishani. Gari limepanda tela kinyumenyume, injini nyuma, na matairi yote manne ya akiba yamerundikwa mkiani. Nikashangaa mbona pikapu haijainama. Imesimama wima kama ya mtu mwaminifu. Nikarudi kulala.

Saa nne mama kaingia akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ajali. Kwenye mteremko wa soko tela lilianza kuyumba, likatupa pikapu huku na huku, likachomoka. Limeshuka peke yake likiwa na gari juu. Limepita katikati ya kibanda cha mshona viatu. Alikuwa amekaa, kiatu cha mtu mkononi. Miguu yote miwili ilinaswa chini ya ekseli, wameinua tela kwa magogo ndipo akatoka. Bado yu hai.

Watu wote walikimbilia kwake. Hakuna aliyeangalia ni nani aliyefungua mlango wa pikapu na kutoweka.

Jumapili, 9 Juni

Sikulala. Nimejua kwa nini pikapu haikuinama.

Ni mimi niliyemfundisha! Mwaka juzi, tunakula, nacheka mpaka nakohoa, nikamsimulia ujanja wa madereva wabaya: mkaguzi wa barabarani anaangalia mkia wa gari linalovuta, ukiinama anakusimamisha upimwe. Kwa hiyo wao husukuma mzigo nyuma ya tela, shingo inakuwa nyepesi, mkia unanyanyuka, wanapita wakipunga mkono. Nikamwambia pia kwamba tela la namna hiyo likifika mteremkoni linacheza, halishikiki. Au sikumwambia? Nimekaa hapa tangu alfajiri natafuta kama nilimalizia hiyo sehemu. Nakumbuka kicheko tu.

Saa tano Breki kaja kupitia uani. Mdomo umepasuka, mbavu anazishikilia. Hakuniomba radhi kwa mkono. Kasema nimsikilize: niseme mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Yeye hana leseni ya tela zito, kwake ni jela moja kwa moja. Mimi ninayo, kwangu ni ajali kama ajali nyingine. Na mkono ninao tayari, umevunjika vizuri, nani atauliza? Nikamuuliza amesemaje. "Umevunjika vizuri" — kasema tena!

Nilichukua chupa ya maji ya moto kwa mkono mmoja nikaivunjia ukutani karibu na kichwa chake. Nilitaka kumpata, nikakosa. Mama akaingia katikati, akafagia vioo, akamwekea Breki chai. Mimi akaniambia mtu hachagui ndugu. Kweli hachagui, lakini mbona anayechaguliwa kubeba ni mimi kila mara?

Jumatatu, 10 Juni

Mshona viatu amefariki saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mke. Marehemu ndiye aliyeshona buti zangu za kazi, akanikatalia nisizitupe.

Wakaguzi wamelipima tela na kila kitu kilichokuwa juu yake. Breki kapata habari kwa rafiki yake: wameona matundu mapya ya riveti. Kesho wanakuja hapa, maana pikapu imeandikishwa kwa anuani ya mama.

Jioni nilitafuta kadi yangu ya zahanati, ile iliyoandikwa siku niliyofungwa plasta. Niliiweka chini ya mto. Haipo. Nikaenda jikoni. Mama anachochea jiko, na kipembe cha kadi, rangi ile ile ya waridi, kinajikunja kwenye majivu. Hakugeuka. Nikasema, mama. Akasema, nilizaa wawili, nikizika mmoja jela atabaki mmoja, wewe utatoka, wewe una karatasi zako. Nikamwambia mtu amekufa, mimi pia watanifunga, na leseni ndiyo basi tena. Akasema Breki hataweza kule ndani, wewe una moyo mgumu.

Nina moyo mgumu! Nimelia hadi plasta ikalowa.

Jumanne, 11 Juni

Saa tatu na robo. Wamefika wawili. Mkaguzi wa uzito, mnene, mpole, na askari mwanamke anayeandika. Wako sebuleni na mama na Breki. Nimesema naenda kutafuta leseni. Leseni iko mezani mbele yangu, nimeitafuta dakika kumi.

Ukuta huu ni mbao tu, nasikia yote. Mkaguzi anaeleza taratibu kama mwalimu: anayevuta tela ndiye anayewajibika kwa uzito wake, kwa kibati chake na kwa jinsi lilivyopakiwa. Sasa anauliza, siku ya Jumamosi nani alikuwa usukani?

Mama kajibu kabla swali halijatua. "Ni binti yangu. Si mnaona alivyovunjika mkono?" Mama yangu, ambaye kabla ya mambo haya hakudanganya hata bei ya nyanya.

Askari anasema pole yake. Breki anasema ndiyo, amepata pigo huyo, sauti imejaa huruma. Mimi nasikia sauti hiyo na ninatamani patasi.

Dakika hii nimeinua mkono ili nikune ndani ya plasta na nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu kiko upande wa chini, karibu na kiwiko. Muuguzi kaandika kwa kalamu ya wino mzito. Tarehe 6/6 na saa mbili na nusu. Siku mbili kabla ya mteremko! Wino umevuja kidogo kwa machozi ya jana lakini unasomeka.

Mama kaingia bila kubisha. Ameshika sweta langu la safari, la mikono mipana. Nje jua linapasua mawe. Ameuona mwandiko, yeye aliuona zamani, najua sasa, ndiye aliyekuwa akiniogesha. Amenivisha kichwani kama alivyokuwa akinivisha shule, akanilainisha nywele. Nimemwambia atoke, nakuja. Ametoka.

Mkaguzi anaita, dada, umeipata?

Mkono wa kulia umeshaingia kwenye sweta. Huu wa kushoto bado uko nje, na tarehe inasomeka.