Amina Yangu Haikuwa Kura

Kwako mke wangu Mama Shani, uliyetangulia,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke. Herufi zangu bado zinalala chali kama ulivyokuwa ukisema, lakini wewe ndiye uliyenifundisha, pale barazani baada ya alasiri, mimi na ndevu zangu nimeshika penseli. Nikimaliza naibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Anayetaka kuibandua aje nikiwepo.

Unakikumbuka kile kijitabu cha taratibu za mikutano? Ulipewa ulipochaguliwa halmashauri ya kijiji, ukanisomea mpaka kikaniingia chote kichwani. Hapa kijijini hakuna anayenishinda, mtendaji na cheti chake akiwemo. Akidi, ajenda, muhtasari, yatokanayo, kura ya mikono: niulize hata nikiwa nimesinzia, nitakujibu.

Na unaikumbuka siku uliyoomba kiwanja cha kando ya barabara kitengwe kwa ajili ya zahanati? Wiki ile ulikuwa umemsindikiza Bi Tatu na uchungu wake kwenda Bagamoyo mjini, kabebwa kwa baiskeli, akajifungulia njiani, mtoto wa kiume, wewe umemkingia kanga. Sisi wanaume tulinyoosha mikono upesi upesi tukale. Ukasimama tena kule nyuma kwa wanawake, ukamwambia katibu, "Iandikwe. Na mtusomee mlichoandika." Jirani akaninong'oneza, "Mkeo ana maneno huyu!" Nikamwambia wa kwako hana maneno kwa sababu hana la kusema. Mimi naye hatukusemeshana mwezi mzima.

Sasa sikiliza. Watu wa Dar wanaotafuta viwanja wameijaza Mapinga, wamefika kwetu. Na yule mtoto wa njiani, Hamisi, ndiye mwenyekiti wetu. Mkutano uliopita habari ya kiwanja haikuwemo kwenye ajenda hata kidogo. Jua kali, watu wamechoka, akasema tufunge kwa dua. Akaomba mvua, tukaitikia. Akawaombea wagonjwa, tukaitikia. Akawaombea marehemu wetu, hapo nikakukumbuka wewe, macho nimefumba. Kisha akapitisha humo humo, "Na utubarikie, ewe Mola, uamuzi wetu wa kuwagawia wageni kile kiwanja cha barabarani." Amina!

Nami niliitikia. Sikufichi. Sauti yangu unaijua, ndiyo iliyozidi zote.

Juzi tumekutana tena. Mtendaji anasoma muhtasari: "Wanakijiji wote waliafiki kiwanja kigawiwe." Mwenyekiti hata hakumeza mate. "Tuthibitishe?"

Nikasimama. "Hatuthibitishi."

"Babu, shikamoo. Kaa, mambo ni mengi."

"Marahaba. Sikai. Hoja ilitolewa na nani? Mikono ilihesabiwa na nani?"

"Ah, babu! Si wewe uliyeitikia amina ukawashinda hata watoto wa madrasa?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mke wangu, uso uliniwaka. Lakini mimi si mtu wa kukalishwa na kicheko. Nikasema, "Niliitikia, na nilikosa kutosikiliza. Ila nilikuwa namwitikia Mola, sikuwa nakuitikia wewe. Ukitaka jibu langu, niulize mimi, nitanyoosha mkono."

"Nitakutoa nje, unavuruga mkutano."

"Nitoe. Ila muhtasari unasahihishwa kabla ya kuthibitishwa, na mimi sijamaliza kusahihisha. Nikimaliza, nibebe."

Ndipo Bi Tatu, na magongo yake, akasema kule nyuma, "Hamisi mwanangu, pigisha kura. Mimi nilikuzaa kwenye vumbi, hao wajukuu zangu unataka wazaliwe wapi?"

Hapo hakucheka mtu. Ikapigwa kura. Mikono ya kugawa ilikuwa minne, mmoja wa mwenyekiti mwenyewe. Ya kukataa mtendaji aliihesabu mara mbili, nikamtaka aihesabu ya tatu. Nikamwambia, "Iandikwe. Na utusomee ulichoandika." Akasoma, shingo upande, lakini alisoma.

Nasikia mwenyekiti anataka kuitisha mkutano mwingine. Aitishe hata kumi. Nitafika wa kwanza, nitakaa mbele, na kijitabu chako mfukoni, ingawa sikihitaji. Zahanati bado haijajengwa, najua, ni majani matupu. Lakini majani hayo ni yako, na nikiwa hai hayauzwi kwa amina.

Nikupe na la mwisho, ufurahi. Wakati wa kufunga, mwenyekiti akaomba dua fupi, sijapata kuisikia fupi kama ile. Akamaliza. Watu wote wamenigeukia mimi. Nikaipitia kichwani neno kwa neno, nikaona ni safi, nikasema amina.

Ndipo nao wakaitikia.

Lala salama, mwalimu wangu.

Mimi mumeo,
Baba Shani