Mbegu ya Mbambakofi Pindoni Mwangu

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Mji wa Kale. Mjukuu wako Riziki amelala mapajani, na daftari nimeliegemeza juu ya mguu wake. Unajua shule niliiachia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea utanisamehe, kama ulivyokuwa ukinisamehe nikiunguza wali. Nina neno nataka ulisikie kwangu mimi, si kwa Mejumaa. Kila jambo la nyumbani ulilisikia kwanza kwa Mejumaa. Hili niachie mimi mkubwa.

Nianze na habari. Kazi yako ya kulinda msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee wetu, amepewa yeye, huyo mdogo wangu. Anatoka alfajiri, anavua viatu pale pa kuingilia kama ulivyokuwa ukivua wewe, na mtu akitoka anamkung'uta leso au shati, jani lisitoke, kijiti kisitoke. Cha msitu hulala msituni, si ndivyo ulivyosema? Mwanzo watu walinung'unika, ati mwanamke, tena mdogo. Kisha wakamzoea.

Mimi sikumzoea. Siku aliyonipigia simu kuniambia nilikuwa nakaanga mahamri. Nikasema, "Mashaallah, hongera, mdogo wangu." Karai zima likaungua.

Ni wivu, Baba. Sitafuti neno jingine. Ulinileta mjini kwa Shangazi nina miaka kumi na miwili, ati nipate shule nzuri, na shule yenyewe ikaishia kwenye viazi vya karai vya Shangazi. Mejumaa akabaki nawe. Mimi nikajua vichochoro, yeye akajua njia za msituni. Nikija likizo nakukuteni mna lugha yenu. Mnatembea, mnasimama ghafla, mnatazamana. Nauliza, "Nini?" Nawe wasema, "Ndege. Kashakwenda." Kila nikiuliza, kashakwenda.

Unakumbuka ulipokuja kumwona Riziki akiwa mchanga? Ulivuka feri na gunia la mihogo begani. Nikasikia kikohozi chako kichochoroni, nikashuka mbio na mtoto mkononi. Nikakukuta umesimama mbele ya mlango wa nakshi wa jirani, umeuwekea kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. "Huyu ni mbambakofi, mti wa msituni kwetu," ukasema. "Asalaam aleikum, mzee." Jirani akachungulia dirishani: "Ee bwana, waamkia mlango, na wenyewe tuko huku juu!" Kichochoro kizima kikacheka. Nami nilicheka. Lakini ndani nilichomeka, maana mlango uliamkiwa kabla yangu, na kabla ya mtoto wangu.

Sasa lenyewe.

Siku ya arobaini yako, baada ya hitima, watu wa nyumbani tuliingia msituni kukuaga mahali pako pa kazi. Mejumaa mbele, sisi nyuma, miguu mitupu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, na huko nje jua lilikuwa likiiunguza mihogo na kuifanya mikorosho inuke. Hatua chache tu ndani, majani mapana yakatufunika, na kimya kikawa kama cha watu wengi wanaongoja mmoja wao aanze kusema. Hata Shangazi alinyamaza, na Shangazi unamjua.

Mejumaa akasimama chini ya mbambakofi mkubwa. "Hapa Baba alikuwa akipumzisha mgongo," akasema. Kweli gome limelainika, alama ya mgongo wako imebaki. Nikaweka mkono. Na pembeni, chini kidogo, kuna alama nyingine iliyolainika, ndogo. Sikuuliza ni ya mgongo wa nani.

Chini palikuwa na ganda lililopasuka, na mbegu zake zimemwagika, zile nyeusi zenye kofia nyekundu. Nikainama kama ninayejifunga leso. Nikaokota moja, nikaifunga pindoni, pale ninapofunga nauli. Nikajiambia, naye Riziki apate kitu cha babu yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini wewe umekufa na huwezi kudanganywa: niliichukua kwa sababu Mejumaa asingeijua.

Tulipotoka alitukung'uta mmoja mmoja. "Kung'uta, Shangazi, usione haya, hapa hata upepo tunaukung'uta." Watu wakacheka. Ilipofika zamu yangu, nikamwambia kwa sauti ili wote wasikie, "Leo wanikung'uta mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni ukinikojolea?" Mikono yake ikaanguka. Akageuza uso, nikapita.

Watu waliona, Baba. Haikupita wiki, maneno yakafika kwa wazee wa kaya: mlinzi akipita dada yake, anafumba macho. Wakapanga kukaa Jumamosi waamue kama kazi aendelee nayo au apewe mwingine. Na yupo aliyekuwa akiingoja, wala sitamtaja, wamjua.

Mejumaa akanipigia simu. Hakunilaumu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama alipokuwa mtoto ameficha sahani iliyovunjika. "Dada, niambie tu kwamba hukutoka na kitu. Nami nitasimama mbele yao niseme hivyo."

Nikasema, "Sikutoka na kitu."

"Basi. Neno lako lanitosha."

Na mbegu ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kikombe, naitazama.

Nikwambie la aibu zaidi? Nilifurahi. Siku mbili nzima nilifagia nikiimba. Hata Bakari, mume wangu, alirudi kutoka Kilindini, mgongo umemlemea kwa kupakua mizigo, akaniuliza, "Leo kuna nini, umepata bahati nasibu?" Nikacheka. Nilikuwa namwona Mejumaa amekaa nyumbani bila kazi, bila msitu, tumekuwa sawa.

Ijumaa nikiwa Marikiti nanunua nazi, likaniingia jambo moja nikasimama kama mlingoti, mpaka mchukuzi akanifokea, "Mama, njia! Au umekuja kuuzwa?" Nilikuwa nimewaza hivi: akiwekwa mtu mwingine pale, ataujua vipi mti uliouegemea? Ataupita tu. Na Riziki akikua akiuliza babu alikuwa akikaa wapi, nitamwonyesha nini, mlango wa jirani? Anayejua ni Mejumaa peke yake. Mimi nilikuwa namng'oa kwa mikono yangu.

Basi Jumamosi nikaifunga tena mbegu pindoni, nikambeba Riziki, nikavuka Likoni. Niliposhuka kwenye gari nilitembea katikati ya minazi na mihogo, na kila nikiinua macho nauona msitu pale juu ya mashamba, umetulia, kijani chake kizito kama uliokunja uso.

Wazee walikuwa wameketi ukumbini mwa msikiti. Mejumaa ndiyo kwanza amesimama, amefungua kinywa kusema lile neno langu. Nikapaza sauti, "Usiseme." Nikafungua pindo, nikaiweka mbegu juu ya mkeka. Nikawaambia niliichukua mimi, nikamtia haya mlinzi mbele za watu asinikung'ute, kisha nikamdanganya.

Shangazi, dada yako, alikuwa pale mlangoni na bakuli la viazi vyake. "Haya! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimefungwa kabisa na fundo!" Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akafuta machozi. Mejumaa hakucheka. Aliitazama mbegu tu.

Wakaamua. Kazi abaki nayo, lakini mpaka masika yaishe alinde pamoja na mzee mmoja, maana mlinzi asione haya hata kwa mamaye. Mimi niirudishe mbegu kwa mkono wangu, nikiwa nje, wala nisikanyage ndani mpaka masika yaishe. Nikauliza, "Na mtoto?" Wakasema, "Mtoto ana kosa gani? Aingie na mlinzi."

Kwa hiyo niliinama mpakani nikaiweka. Kisha Mejumaa akamfunga Riziki mgongoni kwa leso yangu mwenyewe, akaingia naye. Nikabaki nimesimama kwenye mihogo, vijiatu vya mwanangu mkononi, wivu umenirudia upya. Baada ya muda nikamsikia Riziki anacheka huko ndani, kicheko kirefu, na sikuweza kujua anacheka nini. Nililia, Baba. Lakini sikutaka akome kucheka.

Walipotoka, Mejumaa alinikabidhi mtoto. "La mbegu nimekusamehe," akasema. "La simu bado." Akaondoka zake.

Ana haki. Nami sitakwambia kwamba wivu umeniisha, ungenijua muongo. Bado upo, lakini nimeacha kuulisha. Nakuahidi hivi: masika yakiisha nitakwenda, nitatembea nyuma ya Mejumaa, akinionyesha mti nitatazama, asiponionyesha sitauliza. Na sitakuuliza tena moyoni mwangu ulimpenda nani zaidi. Hilo nalizika nawe. Mungu akulaze pema, Baba yangu.

Tangu Jumamosi ile nampigia kila jioni. Simu inaita mpaka inakatika yenyewe. Jana iliita mara mbili tu, kisha ikapokewa, na hakuna aliyesema neno, nikasikia kuku wa nyumbani. Nikamwekea Riziki simu sikioni, akapiga kelele zake zile. Haikukatwa mpaka salio langu likaisha.

Leo nitapiga tena.

Mwanao mkubwa,
Mwanasha