Likizo Yetu Garissa

Jumapili, 4 Agosti 1996

Nimefika. Mgongo si wangu. Darajani tuliteremshwa basi zima, vitambulisho mkononi. Askari akasoma changu, akauliza mwalimu wa Mombasa anatafuta nini huku. Likizo, nikamwambia. Alicheka huyo!

Deeq alinipokea stendi. Miezi mitano sijamtia machoni mume wangu – amekonda. Kule Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi, anakoendesha lori la maji wamempa ruhusa ya wiki moja tu, haimtoshi kuja nyumbani na kurudi. Ndiyo maana akasema tukutane hapa. Amekodi ghorofa kwa Mama Batula, nyuma ya soko: vyumba viwili, stovu, roshani. Paa la jirani limejaa korongo wenye vipara, wamenuna kama wazee wa mahakama.

Mwanetu Idman nimemwacha kwa bibi yake. Nimepanga mengi: maduka, mto, soko la ngamia. Deeq amelala kabla chakula hakijaiva.

Jumatatu, 5 Agosti

Bado amelala. Nikatoka peke yangu.

Jua la hapa halina adabu. Maduka yamebanana, kila moja lina kila kitu: tambi, tochi, marashi, mikeka, shuka za wanaume, redio. Nimezunguka mpaka miguu ikafura. Wanawake wananitazama buibui langu, mimi natazama mitandio yao – ya rangi, mirefu mpaka magotini. Mizuri!

Duka la pembeni ni la mzee mmoja, Gelle. Akaniuliza mimi mgeni wa nani. Wa Deeq, dereva wa maji. Akaacha kupima mchele. Akasema kitu kwa Kisomali, polepole, mkono kifuani: samir iyo iimaan. Nikaitikia ahsante. Ningeitikia nini?

Nimepika tambi kwa nyama ya mbuzi. Deeq kala vijiko vitatu, karudi kitandani.

Jumanne, 6 Agosti

Mama Batula kanipeleka kwa kina mama wauza maziwa ya ngamia. Wamekaa chini ya turubai, vibuyu mbele yao. Maziwa yana moshi ndani – wanafukiza vibuyu. Funda la kwanza nilikunja uso, wakacheka wote. La pili nikalipenda.

Njiani nikamuuliza yale maneno ya Gelle maana yake nini.

"Hiyo maneno ya msiba, abaayo. Mtu akifiwa anaambiwa hifyo. Nani amekufa kwenu?"

Hakuna, nikasema.

Nikamuuliza Deeq. Kageukia ukutani. "Watu wa hapa wana maneno mengi, Mama Idman. Niache nilale."

Hii ndiyo likizo. Nimechoka kushinda nilivyokuja.

Jumatano, 7 Agosti

Nilimshika mkono nikamwambia leo tunakwenda mtoni, utake usitake. Alikubali. Asubuhi nzuri, upepo kidogo, hata alitania kuhusu buibui langu. Tukanunua sambusa, tunakula tunatembea.

Karibu na pampu ya mafuta likapita lori la maji. Kelele za breki tu. Deeq hakuwa tena kando yangu! Nilimkuta chini, nyuma ya ukuta wa hoteli, kajikunja, mikono kichwani. Watu wanatazama. Nikakaa naye mavumbini. Nikamfunika kwa buibui langu.

Hapo ndipo aliponiambia. Keinan, mwenzake wa lori, kapigwa risasi na majambazi barabarani, wiki tatu sasa. Deeq alikuwa kando yake. "Usukani ulikuwa zamu yangu. Nikasema nina usingizi." Na Gelle ni shemeji yake Keinan. Mjane anaishi Waberi, hapa hapa mjini. Deeq hajaenda kumpa pole. Siku nne yuko Garissa, hajaenda.

Mto hatukufika.

Alhamisi, 8 Agosti

Joto. Hatukutoka. Nimefua shuka ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala nikamwambia: Waberi. Hakubisha. Nilipita kwa Gelle kununua sukari na majani ya chai ya kupeleka. Alifunga duka akatuongoza mwenyewe, wala hakumuuliza Deeq alikuwa wapi siku zote hizo.

Mlangoni Deeq akakwama. Gelle akaingia, nami nikaingia. Mjane anaitwa Anab. Mdogo! Nilitarajia mama wa makamo. Ana mtoto mgongoni. Nilipomwambia mimi ni nani, akauliza mara moja, "Yeye iko wapi?"

Nje, nikasema.

Akatoka mwenyewe. Deeq akaanza kusema pole. Anab hakungoja. "Nataka jua kitu moja. Mwisho alisema nini?"

 Deeq akamwambia kwa Kisomali, kisha akaniangalia akarudia kwa Kiswahili, kana kwamba nami nilidai jibu: Keinan alisema kesho mafuta ya breki yakaguliwe. Basi. Alikuwa anaongea habari za breki, na lori likahama njia.

Anab alicheka. Wallahi, alicheka, machozi yanamtiririka. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ni yeye kabisa." Akamvuta Deeq kwa mkono wa shati akamwingiza ndani. Nikawapikia chai. Deeq alikula chapati mbili.

Nyumbani alilala bila kugeukia ukutani.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamemjia leo! Walisema kesho. Gari la kazini liko chini, linapiga honi, dereva kasema maji yamepungua kambini, hakuna mtu wa kushika lori. Deeq kaingia bafuni kunawa. Kabla hajaingia amesimama mbele yangu, kola haijakaa sawa.

"Mama Idman. Ukiniambia nisiende, siendi."

 Nimekimbilia jikoni, naandika kwa kusimama, daftari juu ya debe la unga, ufunguo wa mlango chini yake. Mshahara wangu peke yake hautoshi, ninajua, anajua. Kule kambini watu wamepanga foleni na madumu makavu. Hilo pia ninajua. Na shati lake, alilolivua anawe, nimelishika mimi, bado lina mavumbi ya ule ukuta.

Honi tena. Mama Batula anawafokea kutoka chini wangoje, mtu ananawa.

Maji ya bafuni yamenyamaza. Anavuta mlango wa mbele, haufunguki. Ananiita, anauliza nani amefunga kwa ufunguo.